Kwani Lazima Wote Tupitie Tao?

Mwaka jana niliacha kazi yangu ya kwanza. Sikufutwa. Bosi hakuwa mkali, na kazi yenyewe nilikuwa naipenda. Niliiacha kwa sababu ya nauli. Najua kuna wasee wataanza kunipigia kelele hapa, "vijana wangapi wanatarmac na wewe unaringa?" Ngojeni kwanza niwapigie hesabu.

Naishi Kayole na mama na wadogo zangu wawili. Kazi ilikuwa Ruaka, kwa duka la vifaa vya simu. Nilikuwa napiga picha za bidhaa na kuendesha kurasa zao za mtandaoni. Mshahara shilingi 20,000, Jumatatu hadi Jumamosi. Asubuhi napanda gari ya tao, shilingi 100. Nashuka, natembea kuvuka tao mzima mpaka steji ya Ruaka, nalipa 100 nyingine. Jioni hivyo hivyo. Hiyo ni 400 kwa siku, na hapo mvua haijanyesha, kwa sababu mnajua mvua ikidondoka tu nauli inapanda kabla hata hujatoa mwavuli. Siku 26 mara 400 ni 10,400. Zaidi ya nusu ya mshahara nilikuwa nawapelekea wenye matatu. Mimi nabaki na 9,600 ya chakula cha mchana, bando, na kumpa mama kitu kidogo.

Na hiyo ni pesa tu. Kwa nyumba natoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, giza totoro, simu nimeificha. Nafika kazini saa mbili. Jioni natoka saa kumi na moja, nafika nyumbani saa mbili usiku, na hiyo ni siku ambayo jam imenihurumia. Saa tano na nusu barabarani kila siku. Wiki ya saba nililala kwa gari nikaamshwa na konda mwisho wa njia, abiria wote wameshashuka. Nilipofika nyumbani mama aliniangalia tu. "Mtoto wangu, wewe unalipwa kufanya kazi ama unalipwa kusafiri?"

Sikuwa na jibu. Ijumaa hiyo nikaandika barua.

Kitu kilichoniuma zaidi nilikiona baadaye. Fungua ramani kwa simu, weka Kayole, weka Ruaka, chora mstari ulionyooka. Ni kama kilomita 16. Kilomita 16! Hiyo si safari ya saa mbili na nusu. Shida ni kwamba hakuna mtu anasafiri kwa mstari ulionyooka Nairobi. Kwanza unaingia ndani kabisa mpaka katikati ya jiji, kisha unatoka tena upande mwingine, kama mtu anayetoka chumbani kwenda jikoni lakini lazima kwanza apitie kwa jirani.

Mwanzoni hasira zangu zote zilikuwa kwa matatu. Mbona hakuna hata gari moja inatoka Kayole moja kwa moja hadi Ruaka? Nikamuuliza konda mmoja ninayemjua vizuri, wa mtaa wetu. Akacheka. "Siz, asubuhi Kayole kuna watu wangapi wanaenda Ruaka? Saba? Nane? Nitajaza gari saa ngapi?" Na ukweli alikuwa sahihi. Angalia hesabu hii, ni rahisi. Ukiwa na mitaa 10 na unataka kila mtaa uwe na gari ya moja kwa moja kwenda kila mtaa mwingine, unahitaji njia 45. Mitaa 20, njia 190. Nyingi zitakuwa zinasubiri abiria mchana kutwa. Lakini ukiwapeleka watu wote mahali pamoja wabadilishe gari hapo, mitaa 10 inahitaji njia 10 tu. Kwa hivyo matatu kwenda tao si ujinga. Konda anafuata watu, na watu wako tao.

Swali langu sasa likabadilika. Kubadilisha gari si shida. Mbona mahali pa kubadilisha ni pamoja tu, na ni pale pale ambapo jam iko?

Hapo ndipo niliingia kwenye shimo la kusoma, na nikakutana na mzee mmoja Mjerumani anaitwa Walter Christaller. Mwaka 1933 alitoa kitabu kuhusu miji ya kusini mwa Ujerumani akijaribu kueleza kwa nini miji iko pale iliko, na kwa nini mingine ni mikubwa na mingine ni midogo. Usiogope, wazo lenyewe unalijua tayari, hujawahi kulipa jina tu.

Fikiria vitu unavyonunua. Sukuma wiki na nyanya, huwezi kupanda gari kwa ajili yake. Unatembea hatua hamsini mpaka kwa kibanda. Kibanda hakihitaji wateja wengi kuishi, ploti mbili tatu zinatosha, kwa hivyo vibanda viko kila kona. Viatu vya shule, hapo utatembea mpaka soko la mtaa, au upande gari moja. Duka la viatu linahitaji watu wengi zaidi ndio lisifungwe, kwa hivyo maduka hayo ni machache na yako mbali mbali. Pasipoti? Hapo utaenda Nyayo House, na utaenda ukitoka mtaa wowote wa Nairobi. Christaller alisema kila kitu kina umbali ambao mtu yuko tayari kusafiri kukifuata, na kina idadi ya wateja kinayohitaji ili kisife. Ukivipanga hivyo, miji inajipanga yenyewe kwa ngazi: vituo vidogo vingi chini, vya kati vichache juu yake, na kimoja kikubwa kileleni. Kupima mji uko ngazi gani, jamaa alihesabu simu. Enzi hizo simu ilikuwa ya ofisi na biashara, kwa hivyo mji wenye simu nyingi kuliko ungetarajia kwa idadi ya watu wake ni mji unaohudumia na watu wa nje.

Kenya tunaishi ndani ya ngazi kama hizo bila kuziita hivyo. Angalia hospitali. Level 1 ni wahudumu wa afya wa kijamii wanaokuja mpaka mlangoni. Level 2 ni zahanati, 3 ni kituo cha afya, 4 hospitali ya kaunti ndogo, 5 ya rufaa ya kaunti, 6 ni kama Kenyatta. Huendi Kenyatta na homa. Mpango wote umesimama juu ya wazo kwamba kitu kidogo kiwe karibu na kitu kikubwa kiwe mbali, na kwamba ukipewa rufaa kutoka chini kwenda juu utaweza kufika. Hiyo ya mwisho ndiyo watu husahau. Ngazi bila barabara kati ya hatua zake ni mchoro wa ukutani.

Mama yangu ana kibanda cha mboga. Saa kumi usiku yuko kwa gari kwenda Marikiti, kwa sababu miaka yote ya utoto wangu bei nzuri ya jumla imekuwa huko, katikati. Mboga zinatoka mashambani, zinapita kwenye barabara kubwa pengine kilomita chache kutoka kwetu, zinaingia tao, halafu mama anazifuata tao na kuzirudisha Kayole kwa gunia. Nauli yake na ya gunia iko ndani ya bei ya sukuma unayonunua. Ukisikia bei ya mboga imepanda mtaani, usikimbilie kulaumu mama mboga.

Kwa hivyo, hoja yangu ni hii. Sisi tunapanga barabara kwa kuuliza gari litaenda kasi gani. Ni nadra sana tunauliza mtu anafika wapi. Na hayo ni maswali mawili tofauti kabisa. Nairobi Expressway ni kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilifunguliwa 2022, na kwa mtu mwenye gari na pesa ya kulipia ni raha tupu. Lakini haina steji. Kwa mtu wa Kayole anayesaka kazi, idadi ya kazi anazoweza kufikia ilibaki pale pale.

Na hiyo idadi kuna watu waliijaribu. Ripoti ya Benki ya Dunia ya 2017 kuhusu miji ya Afrika ilisema mkazi wa Nairobi anayetumia matatu anaweza kufikia, kwa wastani, asilimia 4 tu ya kazi za jiji kwa nusu saa. Dakika 45, asilimia 11. Saa nzima, asilimia 20. Soma hiyo tena. Ukikaa kwa matatu saa nzima, kazi nane kati ya kumi katika jiji unaloishi bado ziko nje ya mkono wako. Tukiambiwa vijana hawatafuti kazi, mimi nafikiria hiyo asilimia 4.

Hii haikuanza na sisi. Reli ilifika hapa 1899, mji ukaota kuzunguka stesheni na karakana. Wafanyakazi Waafrika wakajengewa upande wa mashariki, karibu na reli na viwanda: Muthurwa, Makongeni, Kaloleni. Wazungu wakachukua milima ya magharibi. Njia zilikuwa za kuleta watu kazini katikati na kuwarudisha jioni. Nani angetaka mtu wa Eastlands afike Limuru Road kwa urahisi bila kuonekana tao? Matatu zilipoanza, na zikaruhusiwa rasmi mwaka 1973, zilifuata mishipa ile ile. Mwaka 2014 wanafunzi na watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na wenzao wa Marekani walizunguka na simu zao wakanasa njia zaidi ya 130 za matatu, wakatoa ramani ya rangi rangi inayoitwa Digital Matatus. Itafuteni, ni kali sana. Ukiiangalia kwa mbali inafanana na buibui: miguu kila upande, tumbo moja.

Wataalamu wetu wanajua. Mwaka huo huo wa 1973 kulikuwa na mpango wa ukuaji wa jiji uliotaka vituo vingine vya huduma nje ya katikati. Mpango wa jiji uliotoka 2014 nao ukazungumzia vituo vidogo. Miaka arobaini na moja kati ya karatasi mbili, wazo ni lile lile. Mnaelewa kwa nini mimi nikisikia neno "masterplan" nasinzia.

Lakini si kila kitu ni lawama, na hapa kuna mambo mawili nayapenda. La kwanza ni Huduma Centre. Tangu 2013 vitu vingi ambavyo vilikuwa vya kupanga foleni kwenye majengo ya serikali katikati ya tao vimeshushwa ngazi. Mimi cheti cha tabia njema nilishughulikia Makadara, gari moja tu. Watu wengi hawaoni hilo kama usafiri, lakini ni usafiri mtupu, kwa sababu safari iliyo rahisi kuliko zote ni ile umeondolewa haja ya kuifanya. La pili ni ile mistari mitano ya mabasi ya BRT waliyoipa majina ya wanyama: Ndovu, Simba, Chui, Kifaru, Nyati. Nikiandika hapa sijapanda hata moja, tuelewane. Lakini angalia michoro. Mistari minne inapita katikati ya jiji. Mmoja tu, Nyati, umepangwa kutoka Ridgeways upitie Allsops na kufuata Outer Ring Road mpaka Imara bila kukanyaga tao. Ukiniuliza mimi, huo ndio ungejengwa wa kwanza. Nimesikia hoja kwamba abiria wengi wako kwenye njia za tao. Ndiyo, kwa sababu ndizo njia zilizopo! Huwezi kuhesabu watu wanaovuka mto mahali hapana daraja kisha useme hawataki kuvuka.

Curitiba, huko Brazil, ni mji unaotajwa sana kwa mabasi yake yenye njia maalumu, tangu 1974. Kitu ambacho hakitajwi sana ni mabasi yao ya kijani yanayounganisha mtaa kwa mtaa bila kuingia katikati, na vituo vya pembezoni ambapo unabadilisha basi bila kulipa tena. Kuanzia 1980 walifanya nauli iwe moja. Hiyo ya nauli moja ndiyo ingeniokoa mimi. Kwetu kila mara ukishuka unaanza maisha upya: safari ya magari mawili ni nauli mbili, ya matatu ni nauli tatu, na anayeishi mbali zaidi na kazi, ambaye mara nyingi ndiye mwenye mshahara mdogo zaidi, ndiye anayelipa mara nyingi zaidi. Mwaka 2014 serikali ilijaribu kutulazimisha tulipe kwa kadi, ikakwama. Mimi sishangai. Dereva na konda wana kiwango cha pesa wanachodaiwa na mwenye gari kila jioni, polisi wa barabarani mnawajua, na pesa taslimu ndiyo inayozungusha hayo yote. Huwezi kubadilisha nauli na uache hiyo hesabu ya jioni ilivyo.

Sasa, kuna mahali hoja yangu inanishika koo, na afadhali niseme mwenyewe kabla hamjaniambia. Julai 2018, tingatinga ziliingia Kibera alfajiri na maelfu ya watu wakabaki bila nyumba, shule zikabomolewa. Barabara iliyokuwa inajengwa ilikuwa ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Yaani ni ile ile aina ya barabara ninayoililia hapa, ya kukatiza bila kupitia tao. Na huyo mzee Christaller niliyemsifu, wakati wa vita aliwafanyia kazi Wanazi, akipanga vituo na vijiji vya Poland iliyotekwa, ambapo watu walikuwa wanafukuzwa makwao ili wengine waletwe. Mchoro mzuri kwenye karatasi unaweza kumwona binadamu kama uchafu uliokaa juu ya mstari. Kwa hivyo nikisema tunahitaji viungo vya kukatiza, simaanishi chora mstari halafu ubomoe. Outer Ring ipo. Bypass zipo, ya Mashariki, ya Kaskazini, ya Kusini. Lami tayari imelazwa. Kinachokosekana ni steji zenye taa na kivuli, gari zinazoondoka kwa saa badala ya kungoja kujaa, na tiketi ambayo haifi ukishuka.

Na mipaka ya kaunti. Kayole ni Nairobi, Ruaka ni Kiambu. Gavana wa Nairobi hana kura Ruaka na wa Kiambu hana kura Kayole, sasa safari yangu ni ya nani? Kuna mamlaka ya usafiri ya jiji kuu, NAMATA, iliyoundwa 2017 kwa ajili ya Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a. Jina lipo. Steji yao mimi bado naitafuta.

Kwa sasa nafanya kazi Umoja, kwa studio ndogo ya picha. Mshahara ni 15,000, chini kuliko ule wa Ruaka. Natembea dakika 25. Mwisho wa mwezi nabaki na 15,000 badala ya 9,600, na jioni nampa mama mkono kwa kibanda. Niko sawa, asanteni. Lakini kazi ya Ruaka ndiyo ilikuwa inanifunza kitu, na hapa Umoja nimeshajua yote ya kujua. Kuna bei ya kuchagua kazi kwa umbali wa miguu, nayo haiandikwi kwa payslip.

Jumamosi iliyopita nilikuwa na ofu, nikaamua kujaribu ile safari tena, safari hii kwa kuzunguka. Nilipanda ya kwanza Kayole mpaka Outer Ring, nikapanda ya pili mpaka Thika Road, na ya tatu mpaka karibu na Northern Bypass. Mpaka hapo dakika 55, shilingi 170. Nikaona wee, hii inawezekana. Kisha nikasimama kungoja gari ya Ruaka. Hakuna kibanda cha kungojea, kwa hivyo nilisimama kwa vumbi na mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, naye alikuwa anaenda huko huko. Tulingoja dakika 40. Katika hizo dakika 40 zilipita gari kumi na moja, nilizihesabu, na kila moja ilipunguza mwendo, konda akachungulia dirishani, akatuuliza swali moja tu:

"Tao?"